Manju Hafukuzi Watu

Ijumaa ile mtandao wa nyumbani kwetu Katoro ulikatika mara kumi na moja, na kila ulipokatika Mzee Nkwabi wa Didia alimtangaza bibi yangu kuwa ameshindwa.

Yalikuwa majaribio tu. Mashindano yenyewe yalikuwa Jumapili saa tisa alasiri. Lakini Nkwabi si mtu wa kungoja Jumapili ndipo afurahi. Picha ikirudi kwenye simu tulimkuta ameshaegemea kiti, mgwisho wa mkia wa ng'ombe begani, anawahutubia watu wa kwake: "Mmeona? Mama wa watu amekatika tena. Mgika akikatika hivi huyo si Mgika, ni uzi."

"Si mimi niliyekatika," bibi alimjibu. "Ni kisanduku."

"Kisanduku cha nani?"

"Cha mama yake huyu kijana."

"Basi ukoo mzima umekatika."

Bibi alinigeukia. Kwa utani wetu wa bibi na mjukuu mimi ni mume wake, na siku hiyo aliniangalia kama mume aliyerudi sokoni bila chumvi. "Ansgar, mume wangu," alisema, "si unauza simu wewe? Au unauza makava tu?"

Ninauza makava tu, na chaja, na vioo vya kubandika. Lakini nilijifunza mwenyewe kufungua kila kinachofungwa kwa skrubu, na sikuwa tayari kuaibishwa na kisanduku cheupe chenye taa tatu.

Nieleze kwanza ugomvi wenyewe. Kwetu Wasukuma ngoma ina vyama viwili, Wagika na Wagalu. Siku ya mashindano vyama vyote huchezea uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na waamuzi ni watazamaji. Wanaamua kwa miguu. Ukiimba vizuri wanakuja kwako, ukichuja wanavuka kwenda kwa mwenzako, na huna wa kumlalamikia. Manju, yaani kiongozi wa nyimbo, anaweza kuanza mchana na watu elfu akamaliza na mke wake na mbuzi wawili.

Miaka arobaini iliyopita bibi yangu Eufrasia, manju wa Wagika, alikutana na Nkwabi, manju wa Wagalu, uwanja wa Didia. Watu waligawanyika nusu kwa nusu. Kisha nyuki wakaingia. Hakuna anayejua nani aliwatibua. Uwanja ulibaki na ngoma na viatu, na mshindi hakupatikana. Tangu siku hiyo bibi anasema watu walikuwa wameanza kuhamia kwake, na Nkwabi anasema walikuwa wanapita tu kwenda kunywa maji.

Wangekufa na ubishi wao kama Noela asingekuja kibandani kwangu mwezi wa saba kutafuta chaja. Alikuwa amefuata vitenge Katoro. Nikamuuliza katokea wapi, akasema Didia. Bibi, aliyekuwa ameketi nyuma yangu akichambua choroko, akauliza bila kuinua kichwa, "Nkwabi bado anapumua?" Noela akasema, "Ni babu yangu, shikamoo." Baada ya wiki mbili wazee wawili walikuwa wanatukanana kwa simu ya video kila jioni, wakiwa na afya tele.

Goti la bibi haliwezi safari ya Didia, na miguu ya Nkwabi haimfikishi hata choo cha jirani. Basi wakakubaliana kumaliza mashindano yao kwa video. Watazamaji hawawezi kuhama kwa miguu kutoka wilaya moja hadi nyingine, kwa hiyo waliweka sheria moja: mnapokezana, na zamu yako ikifika ukawa kimya, kwa sababu yoyote ile, umeshindwa.

"Hata nikipiga chafya?" bibi aliuliza.

"Piga chafya kwa vina," Nkwabi alisema.

Usiku wa siku walipokubaliana, bibi alitoa njuga zake kwenye debe la mtama alikozificha na kuzipaka mafuta moja moja. Nilimwambia ni mchezo tu. "Mchezo wako wewe," alisema. "Mimi nina miaka sabini na nane. Sitaki kuzikwa nikiwa sare."

Ndiyo maana kukatika mara kumi na moja kulikuwa msiba.

Jumamosi asubuhi nilianza na mahali pa ruta, yaani kile kisanduku. Mama yangu, anayepika kantini huko Geita mjini na ndiye aliyeinunua, aliiheshimu kupita kiasi. Aliiweka kwenye kona nyuma ya televisheni, akaifunika kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa akaweka chupa ya maua ya plastiki. Ruta ile inatumia laini kama simu, inatafuta mnara kama wewe na mimi, na tulikuwa tumeifunga shuka usoni. Nikaondoa maua, nikaondoa kitambaa, nikaipeleka dirishani upande wa mnara. Vijiti vya mtandao vikapanda kutoka viwili hadi vinne.

"Umeivua nguo mbele ya barabara," bibi alisema.

"Inapumua, bibi."

Ikapumua dakika ishirini, ikazimika yote, taa zote tatu, ikaanza kuwaka upya taratibu kama mlevi anayetafuta kitasa. Ikarudi. Baada ya nusu saa ikazimika tena. Nikachukua daftari nikawa naandika saa ya kila anguko. Saa tatu na dakika tano. Saa tatu na thelathini na mbili. Saa nne kamili. Nilibadilisha waya, nikabadilisha soketi, nikaisafisha laini kwa pindo la shati. Nilitazama orodha yangu kama mtihani wa hesabu, na hesabu ilinicheka.

Aliyeona ni bibi, na hakuona kwa macho. Alikuwa amelala kwenye mkeka, goti juu ya mto, akasema, "Subiri. Sasa hivi itakufa." Ikafa.

"Umejuaje?"

"Salehe amewasha karasha."

Ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ndio ukuta wa Salehe, na nyuma ya ukuta huo ana karasha, mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu, unaoendeshwa na mota ya umeme kubwa kama ndama. Sisi tumeishi na ngurumo yake hadi hatuisikii. Bibi, aliyezeeka ndani ya ngoma, anaisikia kila inapoanza. "Mota inavuta pumzi kwanza," alisema. "Ikivuta, taa yetu inakonyeza, na kisanduku chako kinazimia. Nilidhani unajua."

Nikazunguka kwa Salehe. Ni mtu wa Tabora, mfanyabiashara, kofia yake nyeupe haijawahi kupata vumbi ingawa kila kitu chake kingine kina rangi ya mawe. Mbele ya mtambo kulikuwa na foleni ya wachimbaji, kila mmoja amekalia kiroba chake.

"Kesho saa tisa mpaka saa kumi uzime karasha," nilimwambia.

"Kwa sababu gani?"

"Bibi anaimba."

Salehe aliwageukia wachimbaji. "Jamani, nizime mtambo, bibi yake huyu anaimba?" Mmoja akasema kama ni mwimbaji mzuri azime, ila kama ni kama mjukuu wake asage. Wakacheka wote, na mimi nikawa nimeshaudhika, nikaanza kumweleza Salehe kwamba yeye na mota yake wanafyonza umeme wa mtaa mzima kama ndama aliyeachiwa mama wa wenzake. Nilikuwa na mengine zaidi, tena yenye mizani.

Akanyoosha mkono kunizuia. "Kijana, umemaliza kutukana? Hicho kidude chako kinataka volti ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na betri ya guta langu ni volti ngapi?"

"Kumi na mbili," nilisema tena.

"Ukitukana, tukana baada ya kuuliza," alisema, akaenda mwenyewe kulifungua guta lake la matairi matatu. Alinikabidhi betri na sharti moja: awekewe kiti cha mbele.

Nilikata waya wa chaja ya zamani, nikauunga na betri, nikafunga kwa utepe mweusi. Ruta ikawaka. Ukutani upande wa pili karasha likavuta pumzi, taa ya sebuleni ikakonyeza, na ruta haikutikisika. Tangu hapo hadi usiku haikukatika hata mara moja. Jioni tulimpigia Nkwabi. Bibi aliimba beti kumi bila kupumzika, na Nkwabi mwishoni akasema anasikia usingizi. Nililala kama mtu aliyejenga mnara kwa mikono yake.

Jumapili bibi alikwenda misa ya kwanza akakawia mno kurudi. Sikushangaa. Mimi nilikuwa kwa Salehe nikibeba viti, tukivipitisha juu ya ukuta wa nyuma, na mchana wote sikufika mbele ya nyumba. Nilichoona ni uani tu, na uani ulikuwa unajaa. Walikuja wanakwaya na spika yao. Walikuja akina mama wa jumuiya. Walikuja wachimbaji wenye vumbi kwenye kope, na dereva wa bodaboda akaja na abiria wake, ambaye alikuwa anakwenda kwingine. Saa nane na nusu hapakuwa na mahali pa kutia unyayo. Salehe alikaa kiti cha mbele, kanzu imepigwa pasi.

Nikaweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaiunga na televisheni tuliyoitoa nje na spika ya kwaya, na saa tisa kamili uso wa Nkwabi ukatokea mpana kama sinia. Nyuma yake Didia nayo ilikuwa imejaa. Noela alishika simu yao. Tuliona kidole chake kwenye pembe ya picha.

"Mwadila," Nkwabi alisalimia. "Nimeoga kabisa."

"Afadhali," bibi alisema. "Maiti huoshwa."

Akaanza Nkwabi, kwa kuwa ndiye mkubwa. Sauti yake ni ya ng'ombe dume aliyesoma:

*Mwanamke wa Katoro, mji wa vumbi na mawe,*
*nasikia goti lako limegoma lisikunjwe;*
*kalale kwa wajukuu, wakulee usiumwe.*

Watu wa Didia wakaitikia, wakapiga makofi, na kwa haki ya Mungu hata watu wetu wengine waliguna. Bibi aliinuka. Njuga zikalia mara moja tu, kavu:

*Nkwabi wewe wa Didia, mkulima wa maneno,*
*wapanda mwaka mzima, wavuna kidogo mno;*
*goti langu likigoma, nina ulimi na meno.*

Na uani kukapasuka kiitikio cha Wagika: *Tumefika, tumefika, nani atatuondoa.* Salehe alisimama juu ya kiti chake na kanzu yake.

Walipokezana hivyo mara tatu, mara nne. Mara ya tano uso wa Nkwabi ukageuka miraba. Mdomo ulibaki kushoto, jicho likaenda kulia, sauti ikawa ya mtu anayeongea ndani ya mtungi na kuondoka. Simu yangu nyingine ikatetemeka, ujumbe wa Noela: *Tunamsikia bibi nusu nusu. Neno linakuja, linalofuata halipo. Babu ameanza kutabasamu.*

Niliitazama betri: nzima. Waya: mzima. Vijiti vinne dirishani, taa tatu zote zinawaka. Kila nilichokitengeneza kilikuwa kimetengenezeka, na bado mtandao ulikuwa unakata roho. Nikafungua ukurasa wa ruta kwenye simu, ule unaoonyesha nani ameunganishwa. Ulichukua muda mrefu kufunguka hata nikatamani kuusukuma. Ulipofunguka uliniambia: vifaa thelathini na nne.

Sisi nyumbani tuna vitatu.

Nikajipenyeza kati ya watu hadi mbele ya nyumba, na hapo ndipo nilipoona lango letu. Juu ya bati la lango, kwa chokaa, kwa herufi za urefu wa mkono wangu, neno la siri la mtandao wetu lilikuwa limeandikwa lote, na chini yake mshale ukielekeza ndani. Akina mama wawili waliokuwa wanaingia walisimama wakalinakili kwa makini, kama namba ya wimbo kanisani.

Nilirudi mbio. Ilikuwa zamu ya Nkwabi, miraba yake ikiimba. Nikapiga magoti kando ya bibi.

"Bibi, umewapa watu wote neno la siri?"

"Nimewapa. Nilitangaza baada ya misa. Nimewaita watu kwenye ngoma yangu halafu niwafungie lango?"

"Wanaumeza mtandao. Wako thelathini na moja humo ndani. Yule pale anashusha filamu, yule anaangalia mpira. Wafukuzwe."

"Manju hafukuzi watu," alisema, na jicho lake likawa jicho la miaka arobaini iliyopita. "Manju akifukuza watu ameshindwa bila kuulizwa."

"Basi nibadilishe neno la siri. Ila ruta itazima na kuwaka. Dakika mbili."

"Zamu ya Nkwabi imebaki kiasi gani?"

"Mistari miwili."

Nikajaribu mwenyewe. Nilisimama nikawaambia watu wazime data na mtandao wote kwenye simu zao. Kwa yale makofi hakuna aliyesikia. Mchimbaji mmoja aliyesikia aliniambia anamalizia kipande kidogo, kimebaki robo tu. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Nkwabi akamaliza, akashusha mgwisho, akatega sikio upande wetu huku meno yake yote matano yako nje. Noela akaniandikia: *Zamu yenu.*

Bibi hakuniangalia. Alinigusa kichwani kidogo kama anayeweka mzigo chini, akawapa Didia kisogo na kuwageukia watu wa uani. Akaimba:

*Wajukuu wa Katoro, simu zenu zina njaa,*
*zimeila njia yangu, sauti yangu yakwaa;*
*zimeni mziinue, isiwepo ya kung'aa.*

Nimeona watu wakitii polisi, nimeona wakitii padri. Sijawahi kuona kutii kule. Mikono ilipanda safu kwa safu, na katika kila mkono kioo cheusi. Mchimbaji wa robo alikuwa wa kwanza. Akina mama wa jumuiya walizima na za wenzao. Yule abiria wa bodaboda, ambaye hata sasa sijui alikuwa anakwenda wapi, aliinua simu mbili. Kwenye ukurasa wa ruta nikaona thelathini na nne ikawa ishirini, ikawa tisa, ikawa tatu.

Na uso wa Nkwabi ukajikusanya. Jicho likarudi mahali pake, mdomo ukarudi katikati, safi hadi nikaona chembe ya muhogo kwenye ndevu. Alikuwa ameacha kutabasamu. Kwa mara ya kwanza alikuwa anauona uani wetu wote bila ukungu, mikono mia na zaidi imenyooshwa hewani kwa neno moja la mwanamke mwenye goti bovu.

"Noela," tulimsikia akinong'ona, "hao wote ni wa kwake?"

"Wote, babu."

Lakini bibi alikuwa hajamaliza kuimba, na zamu ilikuwa bado yake. Aligeuka taratibu mpaka akawa uso kwa uso na simu. Hakumwimbia Nkwabi. Aliimba juu ya bega lake, kwa wale waliokuwa nyuma yake:

*Didia nawasikia, mmekaa mkingoja,*
*manju wenu amechoka, pumzi imebaki moja;*
*mguu msiinue, njooni kwangu pamoja.*

Uani kwetu tuliitikia, tumefika, tumefika, mikono bado juu. Na ndani ya spika ya kwaya, nyuma yetu kidogo kwa sababu ya umbali, kama mwangwi unaotoka kwenye jabali, kukaja kiitikio cha pili: *nani atatuondoa.* Haikuwa sauti yetu. Ilikuwa Didia. Kwanza mtoto mmoja, kisha mwanamke mwenye sauti nyembamba, kisha wote, na mwisho, nikimtambua vizuri, Noela, kidole chake kikitikisika kwenye pembe ya picha.

Zamu ikawa ya Nkwabi. Alifungua mdomo. Nyuma yake watu wake walikuwa bado wanaimba wimbo wa bibi yangu. Akainua mgwisho kuwanyamazisha, nao wakadhani anapiga mapigo, wakaongeza. Akageuka kuwatazama, akarudi kututazama, mdomo umefunguka, na hakikutoka kitu. Nilihesabu hadi ishirini. Salehe alihesabu hadi thelathini kwa sauti.

Nkwabi akaweka mgwisho mapajani.

"Eufrasia," alisema. "Watu wangu wamehama na miguu yao iko hapa. Uganga gani huo?"

"Si uganga. Nimewaita."

"Nimeona nilipokosea," alisema, akatikisa kichwa kwa muda. "Nilikuimbia wewe tu." Kisha akaanza kucheka, mzee wa miaka themanini na moja, kicheko cha tumbo kilichomkalisha vibaya kwenye kiti mpaka wakamshika. "Umenishinda, mama. Umenishinda mchana kweupe, mbele ya wajukuu zangu, nao wakakusaidia."

Sijui nani alimbeba bibi kwanza. Najua Salehe alishika mguu mmoja na mchimbaji wa robo mwingine, na kwamba walimzungusha uani mara mbili huku akiwatukana kwa sababu ya goti. Wanakwaya walicheza, mimi nilicheza, abiria wa bodaboda alicheza na dereva wake. Mtu aliangusha televisheni, na haikuvunjika. Nilimwandikia Noela kwamba babu yake ni muungwana, akajibu kwamba yeye mwenyewe sasa hana pa kulala kwa sababu ya kuimba upande usio wake, nikamwambia Katoro kuna nafasi, akaniuliza nafasi gani, na hapo nikaandika, nikafuta, nikaandika tena.

Walipomteremsha, bibi aliketi kwenye kiti cha Salehe, njuga zimemshuka hadi visiginoni, kifua kikipanda na kushuka. Didia walikuwa bado wanaimba ndani ya spika. Aliwasikiliza mpaka wakamaliza ubeti mzima.

"Mume wangu," aliniambia, "niletee maji. Na wape watu ruhusa wawashe simu zao. Wameshika mikono juu muda mrefu, na wengine wana mabega mabovu."